Ujirani Mwema Huanza kwa Hesabu



Mwezi Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Pale Namanga, mji uliokaa pande zote mbili za mpaka, biashara ilikatika. Magari ya watalii na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa upande wa Tanzania zilizuiwa. Mpaka ule haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule ulipofungwa, siku ulipofunguliwa alikuwa ameshafikia umri wa kwenda shule.

Juma hili tunarejea kisa hicho kwa sababu maalumu. Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, mashariki ya Kongo, na mwezi uliofuata wakaingia Bukavu. Tarehe 8 Februari 2025 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wenzao wa SADC walikutana Dar es Salaam, wakataka mapigano yasimamishwe. Tangu hapo swali limekuwa midomoni mwa watu wengi: je, majirani waliokoseana kiasi hicho wanaweza kweli kujenga pamoja? Sehemu ya jibu imo katika historia yetu wenyewe.

Jumuiya ya kwanza iliundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na Mwalimu Nyerere, Mzee Kenyatta na Dakta Obote. Makao makuu yakawa Arusha. Reli na ndege ziliendeshwa kutoka Nairobi, bandari kutoka Dar es Salaam, posta na simu kutoka Kampala. Behewa lililopandisha mzigo kutoka Mombasa lilikuwa mali ya nchi zote tatu, popote lilipoegeshwa.

Hata hivyo, ushirika huo ulikuwa na ufa. Viwanda vingi vilikuwa Kenya, na wenzake wawili waliona wanageuzwa soko. Tanzania ilishika Ujamaa, Kenya ikashika njia ya ubepari. Kisha Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote. Mwalimu alikataa kukaa naye meza moja, na baraza la marais watatu halikukutana tena. Mashirika yakaanza kunyimana fedha. Mapema mwaka 1977 Shirika la Ndege lilisimama, na ilipofika katikati ya mwaka bajeti ya Jumuiya haikupitishwa. Jumuiya ikafa.

Mwaka uliofuata vikaja vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto ni ya Uganda. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Wananchi waliuawa, ng'ombe wao wakaswagwa, na maelfu wakakimbia makwao. Tanzania ilijibu, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Uganda ikabaki hoi, na Tanzania ikabaki na gharama za vita wakati bei ya mafuta duniani inapanda.

Wakati hayo yote yakitendeka, kulikuwa na mtu mmoja ambaye vijana wengi wa leo hawalijui jina lake. Ni Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi, aliyepewa kazi ya kuzipatanisha nchi hizo tatu juu ya mali ya Jumuiya. Kazi hiyo ilianza mwaka 1978, nayo ilikuwa kazi ya kuhesabu: mabehewa, meli za Ziwa Viktoria, ndege, majengo, madeni, pensheni za wafanyakazi. Vita vilikuja vikapita. Uganda ikabadilisha serikali zaidi ya mara moja. Hesabu ikaendelea.

Novemba 1983 marais watatu walikutana Arusha, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafunguliwa. Tarehe 14 Mei 1984, hapo hapo Arusha, Nyerere, Moi na Obote walitia saini mkataba wa kugawana. Kenya ilipata asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Kwa kuwa Uganda ilikuwa imebaki na mali pungufu ya fungu lake, Kenya na Tanzania zilikubali kuilipa fidia. Hebu tulitafakari jambo hilo. Tanzania, miaka mitano tu baada ya askari wake kuingia Kampala, inakiri kwa maandishi kwamba Uganda inaidai.

Ndani ya mkataba huo huo wa talaka kiliwekwa kifungu kilichosema kwamba nchi hizo zitatafuta njia za kushirikiana siku za mbele. Juu ya kifungu hicho ndipo ulipojengwa mkataba wa Novemba 1993 ulioanzisha tume ya nchi tatu, na baadaye mkataba wa tarehe 30 Novemba 1999 ulioirudisha Jumuiya. Rwanda na Burundi zikaingia mwaka 2007.

Lakini tuseme ukweli wote. Hesabu ilifungwa kati ya serikali na serikali. Kwa wananchi haikufungwa vizuri. Mkataba wa 1984 uliiachia kila nchi jukumu la kuwalipa watu wake. Hapa Tanzania, wazee waliotumikia reli, bandari na posta za Jumuiya walikuwa bado wanadai haki yao mahakamani katika miaka ya 2000, zaidi ya robo karne tangu kazi yao kukoma. Wengine walifariki wakisubiri. Deni la serikali lilipata wapatanishi na mikutano ya marais, la mzee wa reli likapata foleni.

Sasa turudi Kongo. Nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Mwezi Novemba mwaka huo kikosi cha Jumuiya kilianza kupelekwa mashariki yake, na Desemba 2023 kikaondoka kabla amani haijapatikana. Lakini mwaka huo huo wa 2022 lilitokea jambo jingine lililozungumzwa kidogo. Mwezi Februari Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, kwa mafungu matano, kwa madhara ya vita vilivyoanza mwaka 1998. Uganda ikaanza kulipa. Fedha hizo haziwafufui waliokufa. Hata hivyo, kosa limetajwa, limepigiwa hesabu, na mdaiwa na mdai wamekaa katika Jumuiya moja.

Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo njia. Askari wanaweza kusimamisha risasi kwa muda, na mikutano ya wakuu inaweza kutoa tamko. Lakini biashara ya mpakani haisimami imara mpaka ijulikane nani alichukua nini, nani anamdai nani, na madini ya Kongo yanapita kwa nani na kwa faida ya nani. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Wakati huu hesabu hiyo ianze na mkulima aliyekimbia shamba lake na mama aliyepoteza duka lake Goma, wasije wakawekwa nyuma kama walivyowekwa wazee wetu wa Jumuiya.