Kutaja Marejeo ya Hadiyth na Vitabu Unapoandika Katika Kompyuta



Watoto wetu walio vyuoni, na walimu wa madrasa wanaotayarisha darsa na khutbah, siku hizi wanaandika katika programu ya Word. Swali linalotufikia mara kwa mara ni hili: marejeo yatajwe vipi, na kompyuta inasaidia wapi?

Tuanze na kosa letu wenyewe. Tulipoandika darsa moja ya twahara tulikuwa tukipachika namba za marejeo kwa mkono, moja, mbili, tatu. Usiku wa mwisho tukaongeza kipande katikati, tukasahau kusogeza namba zilizofuata. Kulipokucha, kauli ya mwanachuoni ikawa inaelekezwa Swahiyh Muslim. Aliyeligundua ni mama mmoja msomaji wetu, Allaah Amjaze kheri. Si kosa la chapa tu hilo, kwani msomaji kaambiwa Mtume kasema jambo ambalo hakulisema. Onyo la mwenye kumzulia Mtume kwa makusudi limo katika al-Bukhaariy na Muslim. Sisi hatukukusudia, lakini usingizi haukutujia.

Basi namba msiziandike kwa mkono. Weka mshale mwishoni mwa maneno uliyonukuu, kisha bonyeza Alt, Ctrl na F kwa pamoja. Word itaweka namba hapo na kukufungulia mahali pa kuandika rejea chini ya ukurasa. Ukiongeza au ukifuta kitu katikati, namba zote zinajipanga upya, na kila rejea inabaki na maneno yake. Asiye na Word atumie LibreOffice Writer, ambayo ni ya bure na inafanya kazi hiyo hiyo.

Mtego uliobaki ni ule wa kuandika "rejea iliyotangulia". Ukija kupachika rejea nyingine kati ya hizo mbili, iliyotangulia si ile tena, na kompyuta haitakushtua. Afadhali urudie jina la kitabu kwa ufupi kila mara, hata kama ukurasa utajaa.

Sasa, uandike nini humo chini? Kwa Hadiyth, kutaja "al-Bukhaariy" peke yake hakumsaidii anayetaka kuhakikisha. Hadiyth mashuhuri ya niyyah ameipokea mara saba ndani ya Swahiyh yake: namba 1, 54, 2529, 3898, 5070, 6689 na 6953, na lafdhi zinatofautiana kidogo. Taja kitabu, mlango na namba, tena useme namba hiyo ni ya chapa ipi. Hadiyth ya Abu Maalik al-Ash'ariy kuhusu twahara kuwa nusu ya iymaan ni namba 223 katika Swahiyh Muslim kwa hesabu ya Muhammad Fuaad 'Abdul-Baaqiy, lakini chapa nyingine zina hesabu zake. Na hiyo ndiyo Hadiyth ya kuitaja mtoto anapoandika insha ya usafi. Ule msemo unaobandikwa kwenye kuta za skuli, kwamba unadhifu ni katika iymaan, kwa lafdhi hiyo haukuthibiti kwa Mtume. Word itaupa namba nzuri vilevile, kwani programu haijui swahiyh wala dhaifu.

Wanaotafuta katika al-Maktabah ash-Shaamilah wamepunguziwa kazi kubwa. Neno moja tu, na vitabu vinafunguka. Lakini kabla ya kuandika juzuu na ukurasa, fungua kadi ya maelezo ya kitabu. Huelezwa humo kama kurasa zinalingana na kitabu kilichochapwa au zimepangwa na kompyuta tu. Kama hazilingani, acha ukurasa, taja mlango na namba.

Tarjama ya Qur-aan nayo ina mwenyewe. Ukichukua maneno ya Shaykh Abdulla Saleh Farsy, ambaye tarjama yake kamili ilitolewa Nairobi mwaka 1969, mtaje pamoja na Suurah na Aayah. Kiswahili kile ni juhudi ya mwanadamu katika kufasiri. Matini ya Kiarabu msiichape herufi kwa herufi. Inakilini kutoka msahafu wa kompyuta unaoaminika, kisha muisome tena kwa macho, kwani mabano na namba hupenda kuruka upande.

Orodha ya vitabu mwishoni Word inaweza kuipanga yenyewe, ukishajaza jina la mwandishi, kitabu na mwaka. Tatizo ni kwamba hulifanya neno la mwisho kuwa jina la ukoo. Ahmad bin Hanbal anageuka "Hanbal, Ahmad bin", na Hanbal ni babu yake Imaam! Katika fomu hiyo kuna kisanduku cha mwandishi ambaye ni taasisi. Andika jina humo, litabaki kama lilivyo. Ukirekebisha kitu baadaye, bofya orodha na ubonyeze F9 ili isomeke upya.

Limebaki lililo zito zaidi. Mwanafunzi anasoma makala katika simu, anakuta imetaja Fat-hul-Baariy, naye anaandika Fat-hul-Baariy kana kwamba amekishika mkononi. Katika Hadiyth ya Asmaa bint Abiy Bakr (Radhwiya Allaahu 'anhaa), iliyomo katika al-Bukhaariy na Muslim, anayejionyesha kuwa na asichopewa amefananishwa na aliyevaa nguo mbili za uongo. Asili yake ni mas-ala ya wake wenza, na Maulamaa wameitumia pia kwa anayejidai elimu asiyokuwa nayo. Kwa hivyo andika ulichokiona: jina la makala, mwandishi wake na tarehe uliyoisoma, kisha useme kwamba yeye ndiye aliyenukuu kutoka Fat-hul-Baariy.

Wa Allaahu A'lam.