Ufipa, Nchi Iliyo Kati ya Maziwa Mawili

Wanafunzi wanaojitayarisha kwa mtihani wa jiografia hupewa maneno mengi ya kukariri: uwanda wa juu, bonde la ufa, maporomoko, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Wengi huyashika kama majina ya mambo ya mbali, kumbe sisi tukaao Ufipa twaweza kuyaona yote katika nchi yetu. Tena mambo hayo hayakwisha zamani. Nchi hii imebadilika hata katika siku za babu zetu, na miaka ya mabadiliko hayo imeandikwa. Basi yafaa tuitazame historia yake, maana ajuaye tabia ya nchi hujua pia mahali pa kujenga na mahali pa kuacha.

Kwanza tuangalie umbo lake. Mji wa Sumbawanga uko yapata mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Msafiri akishuka upande wa magharibi hata Kasanga, hulikuta ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako yapata mita 770 tu juu ya bahari. Akishuka upande wa mashariki hata Muze, huingia katika bonde la ziwa Rukwa, lililo kadiri ya mita 800. Kwa hiyo kila upande ateremka mita elfu moja hivi. Kwa kuwa hewa hupungua joto kadiri ya nyuzi 6 kwa kila mita elfu tupandazo, mtu wa Sumbawanga hujifunika blanketi mwezi wa Juni, na ndugu yake wa bondeni halitaki.

Je, umbo hili lilitoka wapi? Mawe ya Ufipa ni ya kale sana. Wataalamu hukadiria umri wake kuwa yapata miaka milioni elfu mbili. Lakini mabonde ni ya baadaye. Ganda la dunia katika Afrika ya Mashariki lilivutwa huku na huku likapasuka. Mfano wake ni matofali matatu yaliyobanwa pamoja: ukiyalegeza, yale ya pembeni huteremka, na la katikati hubaki juu. Ufipa ndiyo tofali la katikati. Ufa huo haukukoma kwetu, bali ni sehemu ya mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, ambao hushika pia maziwa ya Albert, Edward, Kivu na Nyasa.

Hapa pana jambo la ajabu. Maziwa haya mawili ni majirani, wala hayafanani. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, nalo ni la pili duniani kwa kina, nyuma ya Baikal la nchi ya Urusi. Rukwa ni la kina kifupi mno. Si kwamba upande wa Rukwa nchi haikuzama. Ilizama sana, lakini mito imelijaza shimo lile udongo na mchanga kwa muda wa miaka mingi mno, hata chini ya ziwa pana mashapo ya kilomita kadhaa. Anayetaka kuona kazi ya mito hiyo na atazame Kalambo, mpakani mwa Zambia, ambapo maji yatokayo uwandani huanguka zaidi ya mita 200 kwa mara moja, kisha huenda Tanganyika.

Sasa tuje kwenye historia. Burton na Speke walifika Tanganyika mwaka 1858, na kwa miaka mingi Wazungu walibishana kama ziwa lile lina mto wa kutokea. Bwana Cameron aliuona mto Lukuga, upande wa Kongo, mwaka 1874, nao ulikuwa umezibwa na majani. Lakini maji ya ziwa yalizidi kupanda, hata yakakivunja kizuizi kile. Na mwaka 1879 Lukuga ulionekana ukienda kwa nguvu kuelekea Kongo. Ndipo ziwa likaanza kushuka. Huko Karema Wabelgiji walikuwa wamejenga ngome mwaka 1879, nayo ikapokewa na Mapadre Weupe mwaka 1885. Maji yalirudi nyuma hata ngome ikabaki mbali na pwani.

Rukwa halina Lukuga yake. Maji ya Songwe, Momba na Rungwa huingia, wala hayana njia ya kutoka ila kupanda hewani kwa nguvu ya jua, na chumvi yake hubaki. Ndiyo sababu ziwa hilo ni la magadi, na ndiyo sababu halikai mahali pamoja. Bwana Thomson aliliona mwaka 1880 akaliita kwa jina la Leopold. Jina hilo limesahauliwa, na la wenyeji limedumu. Mwaka 1929 urefu wa ziwa ulikuwa kilomita 50 hivi tu, na mwaka 1939 ulikuwa yapata 130. Mtu aliyelima ufukoni katika mwaka wa kwanza alikuwa na shamba zuri. Baada ya miaka kumi shamba lake lilikuwa makao ya samaki na mamba.

Tena mvua kubwa za miaka ya 1961 hadi 1964 ziliyainua maziwa mengi ya Afrika ya Mashariki. Na katika miaka iliyofuata 2020, Tanganyika lilipanda tena, likafunika nyumba za watu katika pwani zake.

Wala si maji peke yake yanayohama. Tarehe 13 Desemba 1910, wakati wa Wajerumani, nchi yetu ilitikiswa na tetemeko ambalo nguvu yake hukadiriwa kuwa 7.4, mojawapo ya makubwa yaliyopata kupimwa katika Afrika nzima. Na juu ya uwanda wenyewe, karibu na Sumbawanga, unapita ufa mrefu uitwao Kanda. Hiyo ni dalili kwamba kazi ile ya kuvutwa na kupasuka bado inaendelea.

Basi, ninyi wanafunzi, mkiulizwa juu ya bonde la ufa, msijibu kwa kukariri tu. Jibuni kama watu waliosimama ukingoni mwake. Na ninyi wazee wenye kuchagua viwanja, ulizeni maji yalifika wapi zamani, wala msidanganywe na ukavu wa miaka kumi. Nyumba ya matofali na ifungwe vema pembeni, paa lisiwe zito. Bwana wetu aliposema habari za mtu aliyejenga juu ya mchanga, alisema juu ya roho. Lakini kwa watu wa Rukwa mchanga ule ni mchanga kweli, nao una mwenyewe, ndilo ziwa.