Programu za Bure za Kuzuia Virusi na Ngome ya Kompyuta: Mwongozo kwa Wafanyabiashara na Wasafirishaji

Kompyuta ya nyumbani siku hizi ndiyo ofisi. Kwa mfanyabiashara anayevusha mahindi Namanga, au mwenye malori mawili yanayopita Tunduma kwenda Lubumbashi, ndani ya kompyuta hiyo mna ankara, hati za shehena, nakala za leseni, maneno ya siri ya mifumo ya forodha na ya benki. Kompyuta hiyo hiyo watoto huitumia kwa kazi za shule, na jioni huchomekwa flashi ya jirani kutazama filamu.

Ikiingiliwa na virusi, hasara haiishii kwenye mashine. Hati zikifungwa, lori husubiri mpakani huku gharama za maegesho zikipanda. Neno la siri likiibwa, mtu mwingine anaweza kuwasilisha nyaraka kwa jina lako.

Wengi huuliza: je, ni lazima kununua ulinzi? Jibu ni hapana. Ulinzi wa bure unatosha kwa kompyuta ya nyumbani, mradi uchaguliwe vizuri na uangaliwe.

Tofauti ya kinga mbili

Programu ya kuzuia virusi hukagua mafaili. Unapofungua faili lililoambatishwa kwenye barua pepe au lililomo kwenye flashi, programu hulilinganisha na orodha ya virusi vinavyojulikana, na pia hutazama kama mwenendo wake unatia shaka.

Ngome ya kompyuta, ambayo wengi huiita fayawoli, hulinda milango ya mtandao. Hukagua nani kutoka nje anataka kuingia, na humzuia asiyealikwa.

Zote mbili zinahitajika. Mwaka 2003 kirusi kilichoitwa Blaster kilisambaa duniani bila mtu kubofya chochote. Ilitosha kompyuta kuwa kwenye intaneti bila ngome na bila marekebisho ya Windows. Mwaka uliofuata Microsoft ilitoa Windows XP SP2 ambayo ngome yake iliwashwa tangu mwanzo. Mei 2017 WannaCry ilipita kwa njia inayofanana na hiyo, ikifunga mafaili na kudai fedha, ingawa marekebisho ya kuizuia yalikuwa yametolewa tangu Machi mwaka huo huo.

Lakini ngome haizuii kile unachokiingiza mwenyewe. Faili la barua pepe ulilolifungua limeshapita mlangoni kwa ruhusa yako. Hapo ndipo kazi ya programu ya kuzuia virusi inapoanza.

Anza na kilichomo ndani ya Windows

Windows 10 na Windows 11 zina programu yao ya kuzuia virusi, Microsoft Defender, pamoja na ngome. Hazilipiwi, hazina matangazo ya kukutaka ununue toleo kubwa, na zinafanya kazi tangu siku ya kwanza. Miaka ya nyuma kinga ya Microsoft ilidharauliwa. Leo Defender hupata alama nzuri katika majaribio ya maabara huru kama AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria. Kwa wasomaji wetu wengi, hiyo inatosha.

Kuhakikisha kuwa inafanya kazi, bofya Start, andika Windows Security, kisha fungua. Alama za kijani zinaonyesha kuwa mambo ni shwari. Ukiona nyekundu au njano, soma ujumbe uliopo na ufuate maelekezo.

Angalia pia umri wa Windows yenyewe. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mpango wa ziada kwa watumiaji wa nyumbani ulipangiwa kuishia Oktoba 2026. Orodha ya virusi ya Defender kwenye Windows 10 imeahidiwa kuendelea hadi Oktoba 2028, lakini hiyo ni nusu ya ulinzi tu: mlinzi yupo, ila nyufa za ukuta hazizibwi. Windows 7 na XP zimeachwa kabisa, na hakuna programu ya bure itakayozifanya kuwa salama.

Jambo hili linawahusu wanaonunua kompyuta za mtumba. Kabla ya kulipa, uliza kama mashine inakubali Windows 11. Nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikubali. Kama tayari unayo ya zamani na kazi yako kubwa hufanyika ndani ya kivinjari, mfumo wa bure wa Linux, kama Ubuntu au Linux Mint, unaweza kuipa maisha mapya.

Programu za bure za kampuni nyingine

Ukitaka kutumia nyingine badala ya Defender, hizi ndizo zinazojulikana zaidi:

1. Avast, AVG na Avira. Majina ni matatu lakini leo yote yako chini ya kampuni moja, Gen Digital, inayomiliki pia Norton. Avast iliinunua AVG mwaka 2016, kisha ikaungana na Norton mwaka 2022. Hukagua vizuri, ila hukuletea matangazo mara kwa mara.

2. Bitdefender, ya Rumania. Toleo lake la bure ni dogo na halina makelele mengi.

3. Kaspersky, ya Urusi. Ina toleo la bure. Serikali ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wake nchini humo mwaka 2024 kwa sababu za usalama wa taifa. Mwenye kufanya biashara na kampuni za Marekani afahamu hilo.

4. Malwarebytes. Toleo la bure husafisha kompyuta iliyokwisha kuambukizwa, lakini halilindi muda wote. Litumie kama mkaguzi wa pili.

Kabla ya kupakua yoyote, jiulize maswali haya:

Je, masharti yanaruhusu kazi ya biashara? Wengi hawaliangalii hili. Avast na AVG za bure zimetolewa kwa matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara. Ukiandaa ankara za wateja kwa kompyuta hiyo, uko nje ya masharti. Defender iliyomo ndani ya Windows haina tatizo hilo.

Je, inalinda muda wote au inakagua tu unapoiamuru? Chagua inayolinda muda wote.

Je, inachukua nini kutoka kwako? Mwaka 2020 ilifahamika kuwa Avast, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, ilikuwa ikiuza taarifa za tovuti ambazo wateja wake walitembelea. Jumpshot ilifungwa mwaka huo, na mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani iliiamuru Avast kulipa dola milioni 16.5. Kila unapoweka programu ya bure, fungua ukurasa wa mipangilio na ukatae kushiriki taarifa zako.

Je, unaipakua kutoka tovuti ya kampuni yenyewe? Usichukue nakala ya mtaani, wala ile inayokuja na ufunguo wa wizi. Programu iliyovunjwa kufuli mara nyingi hubeba kirusi ndani yake, na hukutaka uzime ulinzi ndipo iingie. Huko ni kumpa mwizi funguo akulindie ghala.

Na mwisho: usiweke mbili za kulinda muda wote. Zitagombana, kompyuta itakuwa nzito, na huenda zote zikashindwa kazi. Ukiweka nyingine inayolinda muda wote, kwa kawaida Defender hujiweka kando yenyewe.

Ngome: iwashe, kisha iambie uko wapi

Zamani watu wengi walipakua ngome za bure kama ZoneAlarm. Leo ngome ya Windows inatosha kwa nyumbani. Muhimu ni kuiacha ikiwa imewashwa na kuchagua aina ya mtandao kwa usahihi.

Windows hutofautisha mtandao wa binafsi na mtandao wa umma. Wa binafsi ni ule wa nyumbani kwako, unaowajua wote waliomo. Mtandao wa hoteli, wa intaneti kafe, wa stendi au wa ofisi ya wakala mpakani uweke kuwa wa umma. Hapo kompyuta yako haionekani kirahisi kwa wengine, na mafaili uliyoyafungulia watu wa nyumbani hayaonekani kwa wageni. Ukiwa na shaka, chagua wa umma.

Programu ikikuomba ruhusa ya kupita kwenye ngome na huijui, kataa. Kama ilihitajika kweli, kazi itakwama na utaweza kuiruhusu baadaye.

Pale mtandao ulipo hafifu

Ulinzi usiosasishwa hauwatambui wezi wapya. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunatumia bando la simu, na Windows ikijua kuwa mtandao una kipimo huahirisha sehemu kubwa ya masasisho. Jiwekee siku moja kwa wiki, ukiwa mjini kwenye mtandao mzuri, ufungue mwenyewe ukurasa wa masasisho na kuyaruhusu yote.

Kama kompyuta iko mahali pasipo na mtandao kabisa, Microsoft huweka orodha mpya ya virusi ya Defender kwenye tovuti yake kama faili la kupakua. Lichukue mjini kwa flashi, lifungue kwenye kompyuta hiyo, basi.

Yale ambayo hakuna programu itakayokuzuilia

Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliikumba kampuni ya meli ya Maersk. Kilianzia kwenye masasisho ya programu ya uhasibu iliyotumika Ukraine, na kampuni ilikadiria hasara ya dola milioni 250 hadi 300. Julai 2021 shambulio la mtandao lilikwamisha kazi katika bandari za Transnet za Afrika Kusini, ikiwamo Durban ambako hupitia shaba ya Zambia na Kongo. Hizo ni kampuni kubwa zenye wataalamu. Sisi wadogo tuna wajibu wa kuongeza tahadhari zetu wenyewe.

Kwanza, mafaili yenye majina mawili. Wezi hupenda kutuma virusi kwa jina la ankara, oda au hati ya shehena. Faili likiitwa Ankara.pdf.exe si ankara, ni programu. Windows kwa kawaida huficha herufi za mwisho. Ifungue mipangilio ya mafaili na uitake izionyeshe.

Pili, akaunti ya benki iliyobadilika. Muuzaji wako wa siku zote akikuandikia kuwa sasa ulipe kwenye akaunti mpya, mpigie kwa namba uliyokuwa nayo zamani, si ile iliyo kwenye ujumbe huo. Barua kama hiyo inaweza isiwe na kirusi chochote, hivyo hakuna programu itakayoikamata. Anayeikamata ni wewe.

Tatu, nakala. Weka hati zako kwenye diski ya nje ambayo huchomolewa baada ya kunakili. Mafaili yakifungwa na kirusi, utayarudisha bila kumlipa mtu.

Kwa ufupi

Tumia Windows ambayo bado inahudumiwa. Iache Defender na ngome yake vikiwa vimewashwa, au weka nyingine moja tu ambayo masharti yake yanakubali biashara. Sasisha kila wiki. Weka nakala. Piga simu kabla ya kulipa kwenye akaunti mpya. Isipokuwa bando na diski, hayo hayakugharimu chochote, na ni nafuu kuliko siku moja ya lori kulala mpakani.