Upimaji wa neva kwa farasi na punda

Upimaji wa neva ni njia ya kutambua upofu, uziwi na ganzi kwa farasi na punda: neva huchokozwa, kisha daktari wa mifugo huangalia mwili unavyojibu. Huko Eastlands, Nairobi, mhusika mkuu ni punda wa mkokoteni, abebaye mitungi ya maji na mizigo pembezoni mwa Kayole, Njiru na Ruai. Farasi wa mashindano walikimbia upande huo, karibu na Kariokor, hadi uwanja wa Ngong Road ulipofunguliwa mwaka 1954. Jina la Racecourse Road limebaki.

Vipimo vya mkono

Vipimo hivi ndivyo vinavyomfaa punda wa mtaani, maana havihitaji umeme. Daktari husogeza kiganja ghafla kuelekea jicho moja, bila kugusa kope wala kupeleka upepo, kwa sababu upepo pekee humfanya hata kipofu apepese. Punda anayeona hufumba: neva ya jicho hupeleka habari kwenye ubongo, neva ya uso hushusha kope. Asipofumba, huguswa kwenye kona ya jicho. Akifumba sasa, neva ya uso ni nzima na kasoro iko kwenye kuona. Mtoto wa farasi huweza kutofumba katika wiki 2 za kwanza ilhali anaona vizuri.

Ubavuni, ngozi hudonolewa kwa ncha ya kalamu. Ikiwa nzima hutetemeka kama inavyofukuza nzi. Hatamu ya kamba iliyokaza shavuni hubana neva ya uso, na mdomo hulegea upande mmoja. Ni madhara ya kusikitisha, na yanaepukika kwa kulegeza kamba tu.

Punda huficha maumivu kuliko farasi, hivyo anayeitwa mkaidi apimwe kabla ya kuchapwa. Huenda haoni vizuri: teke huweza kutoka upande asioona.

Kusikia

Makofi hayatoshi, kwani sikio zima huficha lililokufa. Kipimo cha uhakika ni cha mashine: elektrodi huwekwa kichwani, kila sikio husikilizishwa milio peke yake, na mawimbi ya neva husomwa ndani ya milisekunde 10.

Tahadhari

Paji la uso likigongwa polepole na kope la tatu likaruka kufunika jicho, hushukiwa pepopunda. Mnyama aliyebadilika tabia ghafla asiguswe mdomoni, kwa hofu ya kichaa cha mbwa.

Idadi ya punda

Sensa ya 2019 ilihesabu punda wapatao milioni 1.2 nchini Kenya, kutoka milioni 1.8 mwaka 2009.