Neno la mwisho la dakika moja: publisite ya Ram na mahubiri ya Martin Luther King

Siku ya Mungu, tarehe 4 mwezi wa pili mwaka wa 2018, mji wa Minneapolis kule Marekani ulipokea Super Bowl, fainali ya mpira wao ule wa kushikwa kwa mikono na kuangushana. Philadelphia Eagles iliifunga New England Patriots 41 kwa 33. Watu zaidi ya milioni 100 walikuwa mbele ya televisheni, na wengi hawakuinuka hata mchezo uliposimama, kwa sababu siku ile publisite zinangojewa sawa na mpira wenyewe. Kupitisha tangazo la sekunde 30 kulikuwa kunalipwa dola zaidi ya milioni 5. Kampuni inayotoa feza za namna hiyo haiachi neno lipite bila kupimwa na watu wengi. Ndiyo maana kisa cha Ram kinashangaza.

Ram ni jina la pikapu, motokari za mizigo ambazo wakati ule zilikuwa za kampuni ya Fiat Chrysler. Publisite yao ilichukua dakika moja. Hakuna mtu aliyetajiwa bei, wala nguvu ya injini. Kulikuwa na sura za watu wa kawaida wakiwa kazini na watu wakisaidia wenzao, pikapu zikipita kati yao, na juu ya picha zote sauti moja: sauti ya mchungaji Martin Luther King, katika kanda ya zamani, waumini wakimwitikia. Alikuwa anasema ya kwamba anayetaka kuwa mkubwa awe kwanza mtumishi, na kwa hiyo kila mtu anaweza kuwa mkubwa, kwa sababu kila mtu anaweza kutumikia. Hahitaji diploma ya chuo kikuu. Hahitaji kujua sarufi wala hesabu za Einstein. Anahitaji moyo tu.

Ni maneno yanayosimamisha nywele, na picha zilipigwa vizuri. Halafu mwishoni kabisa ikaja sentensi fupi ya kampuni: Imejengwa kwa ajili ya kutumikia. Yaani motokari.

Hasira ilianza usiku uleule, kabla mpira haujaisha. King Center ya Atlanta, shirika lililoanzishwa na mjane wake Coretta, ilitangaza ya kwamba si yenyewe wala si Bernice King, binti wa marehemu anayeiongoza, waliotoa ruhusa. Watu walikuwa wanaulizana namna gani mtu aliyeuawa akiwa upande wa wafanyakazi wa takataka wa Memphis amegeuzwa kuwa muuzaji wa pikapu. Lakini jambo baya zaidi lilikuwa bado halijajulikana na wengi. Lilikuwa ndani ya mahubiri yenyewe.

Mahubiri yale King aliyatoa katika kanisa la Ebenezer, mjini Atlanta, tarehe 4 mwezi wa pili mwaka wa 1968, nayo ilikuwa siku ya Mungu. Siku ya publisite ilikuwa imetimia miaka 50 kamili. Aliyachota katika Injili ya Marko, sura ya 10, pale Yakobo na Yohana wanapomwomba Yesu viti vya kuume na kushoto. King alisema kila mtu ana hamu ile ya kutangulia, kama yule anayeitwa kwa Kifaransa tambour-major, mtu wa mbele wa fanfari. Hapa Congo hakuna haja ya kueleza sana: aliyekwisha kuona fanfari ya Wakimbanguisti ikipita njiani anamjua yule mwenye fimbo, namna anavyotembea na namna watoto wote wanavyomwangalia yeye. (Mfano huo King hakuubuni, aliuazima kwa mhubiri mzungu wa Kimethodisti, J. Wallace Hamilton. Wahubiri ndivyo walivyo.)

Kisha akaonyesha hamu hiyo inaharibika wapi. Na mahali pa kwanza kabisa alipopita ni publisite. Aliwaambia waumini ya kwamba watu wa matangazo wanajua udhaifu huo na wanautumia: ukitaka kuonekana bwana mkubwa kunywa whisky hii, ukitaka jirani akuonee wivu endesha motokari ya aina hii. Mtu anashtuka amekwisha kununua. Akaendelea kusema juu ya wale wanaonunua motokari zisizolingana na mshahara wao, na akazitaja kwa majina: Cadillac na Chrysler. Akapiga hesabu palepale kanisani. Mtu anayepata dola 5000 kwa mwaka asinunue motokari inayopita dola 2500.

Chrysler. Jina lenyewe la kampuni liko katika mahubiri, na liko kama onyo.

Inawezekana waliotengeneza publisite hawakusikiliza kanda yote. Inawezekana pia walisikiliza, wakadhani hakuna mwingine atakayejisumbua. Kwa vyovyote, wahariri wa gazeti la Current Affairs walijisumbua. Walichukua picha zilezile za Ram, wakaondoa kipande cha sauti kilichochaguliwa, wakaweka kile cha whisky na motokari. Video ile ilizunguka haraka sana, na baada ya kuiona ni vigumu kuangalia ya kwanza bila kucheka.

Kuna wanaosema kosa ni kutumia sauti ya King katika biashara, basi, maneno mengine ni kelele. Wana haki nusu. Miaka mitano mbele, katika Super Bowl ya mwaka wa 2013, Ram ileile ilifanya karibu jambo lilelile na Wamarekani wengi wakaisifu. Walichukua hotuba ya mwaka wa 1978 ya Paul Harvey, mtangazaji wa redio, juu ya kazi ya mkulima, wakaweka chini yake picha za mashamba na mikono yenye udongo kwa dakika mbili. Lakini mkulima anahitaji pikapu kweli. Harvey mwenyewe alikuwa anasoma matangazo ya biashara katika programu zake kila siku na hakuona haya. Na sentensi ya mwisho ilimrudia mkulima, haikuiweka motokari mahali pake. Mafanikio yale bila shaka yaliwapa moyo wa kurudia.

Katika ile ya King, sentensi ya mwisho ndiyo iliyovunja kila kitu. Sauti ilikuwa inasema anayetumikia ni mtu, hata asiyejua kusoma, na kwamba huo ndio ukubwa wake. Kampuni ikajibu: anayetumikia ni chuma chetu. Kama ingeandika tu jina lake na kunyamaza, lawama ingekuwepo, ila ingekuwa lawama ya kuazima. Kwa maneno yale machache ilijitia katika mahubiri kama mfano wa mtumishi, wakati mhubiri alikuwa ameiweka katika mifano ya majivuno.

Ruhusa ilikuwepo. Haki za maneno ya King ziko mikononi mwa familia kupitia ofisi inayosimamia urithi, tofauti na King Center, na ofisi hiyo ilieleza ya kwamba iliona ujumbe unalingana na mafundisho yake. Fiat Chrysler nayo ilisema ilifanya kazi pamoja na wasimamizi hao hatua kwa hatua. Ndivyo sheria ilivyo kule: hata Ava DuVernay, alipotengeneza filamu ya Selma iliyotoka mwaka wa 2014, hakuweza kutumia hotuba halisi za King, kwa sababu haki za kuzitumia katika sinema zilikuwa zimekwisha kutolewa kwingine. Akabuni maneno yanayofanana nayo. Filamu juu ya mapigano yake ilikosa maneno; tangazo la pikapu liliyapata.

Na si mara ya kwanza mahubiri haya kukatwa vibaya. Mwishoni mwake King alisema juu ya maziko yake mwenyewe. Aliomba wasitaje tuzo ya Nobel wala shule alizosoma, waseme alijaribu kutumikia wengine. Na kama watataka kumwita mtu wa mbele wa fanfari, basi iwe ya haki, ya amani na ya wema. Katika sanamu yake ya Washington, iliyozinduliwa mwezi wa kumi mwaka wa 2011, wachonga mawe waliondoa lile neno "kama". Likabaki jiwe linalosema alikuwa mtu wa mbele. Mwandishi Maya Angelou alikasirika, akasema linamfanya aonekane mwenye majivuno, yeye aliyehubiri dhidi ya majivuno. Mwaka wa 2013 maneno yale yalifutwa kwa patasi. Jiwe lilirekebishwa. Publisite haikuwa na njia hiyo: watu milioni 100 walikuwa wamekwisha kuiona.

Miezi miwili kamili baada ya mahubiri, tarehe 4 mwezi wa nne mwaka wa 1968, King alipigwa risasi Memphis. Tarehe 9 maziko yalifanyika palepale Ebenezer, na Coretta aliomba kanda ya siku ile ipigwe, kwa hiyo waumini walimsikia marehemu akisema anavyotaka azikwe. Baadaye jeneza lilitolewa nje na kupandishwa juu ya mkokoteni wa shamba, wa mbao, unaovutwa na nyumbu wawili, na umati ukaufuata kwa miguu katika njia za Atlanta mpaka chuo cha Morehouse.