Maji Dhidi ya Risasi: Fizikia ya Kubuni na Miiko Yake katika Historia ya Uvira

Utangulizi

Mashujaa wa hadithi wenye nguvu zipitazo za binadamu hawakosi kanuni. Fumo Liyongo wa masimulizi ya pwani ya Kenya hadhuriki kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni. Superman, aliyeanza kuchapishwa Marekani mwaka 1938, alipewa udhaifu wake mashuhuri, yaani jiwe la kryptonite, katika mchezo wa redio wa mwaka 1943. Katika visa vyote viwili mtunzi hathibitishi kwamba nguvu hiyo yawezekana. Huiwekea mpaka tu. Hadhira ikishaujua mpaka, huikubali nguvu yenyewe bila mabishano.

Je, hutokea nini kanuni ya aina hiyo inapotegemewa na watu wanaokabili risasi za kweli? Historia ya Uvira na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika inatoa mfano wa kufaa kuchunguzwa.

Dawa ya Simba

Mnamo Aprili 1964 uasi ulizuka katika Uwanda wa Ruzizi, hasa miongoni mwa Wafuliiru, na Musa Marandura akiwa mmoja wa viongozi wake. Mwezi Mei mji wa Uvira, uliobanwa baina ya ziwa na milima ya Mitumba, ulitwaliwa na waasi waliokuwa chini ya Gaston Soumialot, ambaye harakati zake zilianzia Bujumbura. Kufikia tarehe 5 Agosti mwaka huohuo, hata Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, ilikuwa mikononi mwao.

Wapiganaji hao, walioitwa Simba, walipakwa na kunyunyiziwa dawa na waganga kabla ya kwenda vitani. Kilio chao kilikuwa “Mai Mulele”, kwa jina la Pierre Mulele, aliyepata kuwa waziri katika serikali ya Lumumba na aliyeongoza uasi wa Kwilu, magharibi ya nchi. Iliaminiwa kwamba risasi ya adui ingegeuka maji. Lakini dawa ilikuwa na miiko: mpiganaji asiibe, asiguse mwanamke, asitazame nyuma, na zaidi ya yote, asiogope.

Haifai kusema kwamba dawa haikufanya kazi yoyote. Wanajeshi wengi wa serikali waliiamini vilevile, na mara nyingi walikimbia kabla ya mapambano. Kwa njia hiyo dawa ilishinda vita kadhaa, ingawa nguvu yake ilipita katika nyoyo za watu na si katika chuma cha risasi.

Hesabu ya risasi

Tuseme kanuni hii ichukuliwe kama mtunzi wa hadithi angeichukua, kisha ipimwe kwa fizikia. Risasi ya bunduki ya FAL, silaha ya Kibelgiji iliyotumiwa na jeshi la serikali, ina uzito wa takriban gramu 9.5 na hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 840 kwa sekunde. Nishati yake ni kama jouli 3,350. Risasi hiyo ikigeuka maji inapofika kifuani, uzito ni uleule na mwendo ni uleule. Kwa hiyo nishati haikupungua hata kidogo. Viwandani maji yanayorushwa kwa mwendo wa namna hiyo hukata mpira na mbao, na yakichanganywa na chembe ngumu hukata hata chuma. Mpiganaji asingepona.

Risasi ikigeuka maji papo hapo mtutuni, mambo ni mengine: hewa ingeyatawanya maji yakawa matone madogo, na matone hayo yangepoteza mwendo upesi. Hadithi makini, basi, ingelazimika kueleza mahali mageuzi yanapotokea. Ingelazimika pia kueleza chanzo cha nishati, kwa kuwa kuvunja viini vya risasi na kuviunda upya kuwa vya maji kunahitaji nishati izidiyo ile ya risasi mamilioni ya mara.

Ni dhahiri kwamba dawa haikujengwa juu ya hesabu za uzito na mwendo. Mantiki yake ni ya sifa za vitu: bunduki ni moto, na moto huzimwa na maji, kigumu hushindwa na kilaini. Mantiki hiyo ina uzuri wake, na ndiyo sababu inaeleweka mara moja. Hata hivyo, kilichoidumisha imani ni miiko.

Miiko na marehemu

Che Guevara alifika Kibamba, kwenye mwambao wa Fizi kusini mwa Uvira, tarehe 24 Aprili 1965. Katika kumbukumbu zake alieleza jinsi kila kifo kilivyopatiwa sababu: aliyeuawa aliogopa, au aliiba, au aligusa mwanamke. Marehemu hawezi kujitetea, na vitani hapana asiyepata kuogopa. Kwa hiyo kila maiti ilithibitisha kanuni badala ya kuipinga.

Tarehe 29 Juni 1965 shambulio la Front de Force, kwenye kituo cha umeme cha Bendera, lilishindwa vibaya. Kwa mujibu wa Guevara, mganga alijitetea kwa kuwasingizia wanawake na woga. Lakini hapakuwa na wanawake mahali pale, naye akashushwa cheo. Tukio hili linaonyesha kwamba wapiganaji hawakuwa wajinga. Waliichunguza hoja, wakaona kasoro, wakamtoa mganga. Dawa yenyewe waliiacha ilivyo.

Miaka minne baadaye, mwaka 1969, Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia yake *Kinjeketile*, inayohusu maji mengine, yale ya Vita vya Maji Maji vya 1905–1907 katika Tanganyika ya Wajerumani. Humo mhusika mkuu anazidiwa na neno alilolitoa mwenyewe, na mwishoni anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Jukwaani swali hilo laweza kuulizwa bila mtu kufa. Huko Kivu, Uvira na Fizi zikiwamo, jina la Mai-Mai lilienea tena katika miaka ya 1990, na watu wakafa.

Hitimisho

Tofauti ya kanuni ya Liyongo na ile ya Simba haiko katika uwezekano wa kisayansi. Zote mbili haziwezekani. Tofauti ni kwamba sindano ya shaba huonekana. Yeyote aionaye anafahamu kwa nini shujaa amekufa, na hakuna haja ya kumlaumu. Woga umefichika moyoni, hauna shahidi, na kanuni iliyosimama juu yake haiwezi kushindwa hadharani.

Kwa hiyo mhakiki wa nguvu za kubuni asiishie kuuliza kama zawezekana. Aulize pia: zikishindwa, itajulikanaje, na nani atabeba lawama? Naye mwanahistoria wa mwaka 1964 ana wajibu mzito zaidi. Vijana wa Uvira na Ruzizi waliuawa kwa risasi, kisha wakahukumiwa na wenzao kuwa waoga na wezi. Hukumu hiyo ya pili haikuwa na ithibati yoyote, na haipasi kurudiwa.