Kazi ya Mwili na Maradhi ya Saratani

Katika mji wa London, miaka michache baada ya Vita Vikuu vya Pili kumalizika, mabasi mengi yalikuwa ya orofa mbili, na kila basi lilikuwa na watumishi wawili. Dereva aliketi mbele kutwa, mikono juu ya usukani. Kondakta hakuwa na nafasi ya kuketi. Kazi yake ilikuwa kukata tikiti chini na juu, na kwa siku moja alipanda vidato vya ngazi kati ya 500 na 750. Tabibu mmoja, jina lake Jerry Morris, akatambua kwamba watu hawa wawili ni kama mizani iliyokwisha tengenezwa, haihitaji ila mpimaji.

Morris na wenzake walichungua habari za watumishi wanaume wapatao 31,000 wa uchukuzi wa mji huo, na mwaka 1953 wakachapisha waliyoyaona. Makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliopatwa, ugonjwa haukuwa mkali sana. Wengi hawakusadiki. Je, ni ngazi zilizomlinda kondakta, au watu wenye afya ndio walioipendelea kazi ile? Morris hakulikwepa swali hilo. Alikwenda kutazama vipimo vya sare zao, na mwaka 1956 akatangaza kwamba suruali za madereva zilikuwa pana viunoni kuliko za makondakta wa umri ule ule. Naona jambo hili lamtukuza, maana ni wachache wapendao kutafuta hoja ya kuwasaidia wapinzani wao.

Swali lilo hilo liliwakabili waliochungua saratani. Tangu mwaka 1922, huko Australia na Marekani, yalikuwapo maandishi yaliyosema kwamba watu wa kazi za sulubu hufa kwa saratani kwa uchache kuliko wenye kazi za kuketi, lakini hayakuvuta masikio ya wengi. Mwaka 1984 wataalamu wa Los Angeles walionyesha kwamba wanaume wenye kazi za kuketi walikuwa katika hatari ya saratani ya utumbo mpana mara 1.6 hivi kuliko wenye kazi za kutumia nguvu. Mwaka uliofuata, uchunguzi wa wanawake 5,398 waliopita vyuo vya Marekani ulionyesha kwamba wale ambao hawakuwa wanamichezo chuoni walipatwa zaidi na saratani ya matiti.

Sababu zake ni nyingi. Mwili unaofanya kazi hupunguza insulini katika damu, nayo insulini ikizidi huhimiza chembe za mwili kuzaana. Vilevile mafuta ya mwili hutengeneza homoni za kike, hasa kwa mwanamke aliyekoma hedhi, na homoni hizo hulisha baadhi ya saratani za matiti. Mwaka 2002 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, lilikubali kwamba ushahidi watosha kwa saratani hizo mbili, ya utumbo mpana na ya matiti.

Mwaka 2016 zilichapishwa habari za watu milioni 1.44, na aina 13 za saratani zikaonekana kuwa chache kwa waliojishughulisha sana. Lakini aina moja ya saratani ya ngozi ilizidi kwao, huenda kwa kuwa hukaa sana juani! Wala mtu asidhani kwamba mbio za asubuhi humlipia sigara za jioni.

Hata hivyo, hesabu zote hizo zilikuwa za watu waliojichagulia maisha yao. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya jaribio la namna nyingine. Wagonjwa 889 waliokwisha tibiwa saratani ya utumbo mpana waligawanywa kwa kura: baadhi walipewa mwongozi wa mazoezi kwa miaka mitatu, wengine wakapewa kitabu tu cha mashauri ya afya. Baada ya miaka mitano, watu 80 katika kila 100 wa kundi la kwanza walikuwa hai bila saratani kuwarudia, na katika kundi la pili 74. Jaribio hilo halikuwahusu watu wazima wa afya. Lakini hapakuwa na nafasi ya mtu kujichagulia kundi, na hilo ndilo pingamizi alilokutana nalo Morris. Yeye mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 99.